Mrejesho: Sushi ya bei nafuu Las Vegas

Wakuu, kabla sijaondoka Moshi kwenda mkutanoni Las Vegas niliuliza: mtu mwenye posho ya kawaida atakula wapi sushi nzuri, vile vitonge vya Kijapani vya wali na samaki, katikati ya jangwa? Nimerudi, nalipa deni.

Aliyeniambia niikimbie Strip, ile barabara ya mahoteli na kasino, Mungu ambariki. Usiku wa kwanza nilijifanya mjuaji nikala humo humo: vipande sita, wali mkavu, na bili ya nusu mbuzi. Kesho yake nikapanda basi hadi Spring Mountain Road, magharibi ya Strip, ndiko iliko Chinatown yao, mtaa wa maduka na migahawa ya Kiasia. Huko kuna mtindo wa kulipa mara moja ule mpaka ushibe, na mpishi anakufinyangia nigiri, yaani kitonge cha wali chenye kipande cha samaki juu, kadiri unavyoagiza. Ila ukibakiza unatozwa, na ukila samaki ukaacha wali, umebakiza hivyo! Nilienda mchana, bei ikiwa chini kuliko ya jioni. Juu yake weka kodi ya mauzo 8.375% na bakshishi ya 15 hadi 20%, maana kwenye menyu hamna.

Wale mliohofia samaki wabichi jangwani: wanaletwa kwa ndege, na wengi hugandishwa kwanza ili kuua minyoo. Mimi niliyezoea perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu aliyekaangwa mpaka mifupa inatafunika, nilimaliza sahani tatu. Wasabi tu, ile rojo ya kijani inayowasha hadi puani, ndiyo iliniumbua. Nilidhani ni parachichi, nikajaza kijiko.