Penta (chanjo ya watoto ya magonjwa matano) imegusana na barafu, alama ya joto kwenye kichupa bado nyeupe. Inafaa?

Mkoba_Kojani:
Assalaam alaykum. Suali kwa wanaofanya huduma ya mkoba (kupeleka chanjo vijijini). Kibebeo cha chanjo kimefunguliwa baada ya kuvuka kwa boti, vichupa viwili vya Penta vimeshikana na aisipaki (pakiti ya barafu), lebo ina ukungu wa barafu. Dawa ndani ni majimaji, na mraba wa alama ya joto ni mweupe, yaani joto halijaiharibu. Tuchanje? Na watoto waliopata Penta ya kwanza kisha wakakosa duru iliyopita, waanze upya?

Bi_Kliniki:
Wa alaykumu salaam. Viwekeni kando, chanjeni kwa vyengine. Alama ile inasoma joto tu, baridi haiioni: kichupa huganda usiku, kikayeyuka asubuhi, na mraba ukabaki mweupe kama wali. Kinga za dondakoo, pepopunda na kifaduro zimeshikizwa kwenye chumvi ya aluminiamu. Ikiganda hufanya mabonge, haichanganyiki tena kama mwanzo. Mtoto anaweza kuvimba paja na kinga asiipate.

Mkirudi, fanyeni kipimo cha kutikisa. Chukua kichupa chengine cha kiwanda kile kile na bechi ile ile, kiandike "KIMEGANDISHWA", kilaze friza usiku kucha kiwe jiwe, kisha kiache kiyeyuke chenyewe. Kishike mkono mmoja pamoja na kile cha shaka, tikisa sekunde 10 hadi 15, vitue mezani, tazama hadi nusu saa. Kilichogandishwa hutuama haraka: juu maji maangavu, chini machicha. Cha shaka kikituama kwa kasi ile ile au zaidi, hakifai. Kikichelewa, kitumike. Ukikuta kichupa ni barafu tupu usijisumbue kupima, ni cha kutupwa.

Fundi_Friji:
Kosa ni la aisipaki. Ikitoka friza ina nyuzi kama 20 chini ya sifuri, na Penta inataka 2 hadi 8. Iache mezani itoke jasho, mpaka ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani. Usiangalie saa, tegemea sikio. Chanjo ya surua na matone ya polio hustahamili kuganda, ndiyo maana watu wamezoea vibaya.

Bi_Kliniki:
Kuanza upya hakuna. Ratiba ni wiki 6, 10 na 14, lakini aliyechelewa huendelea alipoachia, mradi zipite wiki 4 baina ya dozi na dozi. Wa miezi 5 mwenye dozi moja: leo ya pili, baada ya wiki 4 ya tatu. Kila dozi nusu mililita, kwenye msuli wa paja. Iliyochomwa kutoka kichupa kilichoganda haihesabiwi, hata kama imo kwenye kadi.

Mkoba_Kojani:
Ahsanteni. Na kichupa kilichokwisha kufunguliwa?

Fundi_Friji:
Andika tarehe ya kufungua. Siku 28, kama baridi yake haikukatika, hakijaganda na muda wake haujapita. Kwenye boti angalia jambo moja: barafu ikiyeyuka na kizibo kikazama majini, kitupe siku hiyo hiyo. Vitie kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kupanga.