Niuze ploti ya Joska ili tufikishe kipato cha viza ya mke Uingereza?

Mama Mtumba, Umoja

Habari zenu. Swali hili limeninyima usingizi wiki tatu.

Nauza nguo za watoto za mtumba soko la Gikomba, Nairobi. Mume wangu ni Mkenya mwenye kibali cha ukaaji wa kudumu Uingereza, yuko kwenye ghala moja kule Leicester na kazi hiyo ameifanya miezi tisa sasa. Tulifunga ndoa mwaka 2022 kwa msajili wa ndoa pale Sheria House, baada ya kungoja zile siku 21 za ilani. Tangu hapo tumeonana mara tatu tu. Mtoto wetu ana miaka miwili na nusu na baba kwake ni simu. WhatsApp ikilia anaita "baba", hata kama ni mteja anauliza bei ya sweta.

Nataka kuomba viza ya mke nimfuate, kizuizi ni kipato. Serikali ya Uingereza inataka yule aliye kule awe na pauni 29,000 kwa mwaka. Mume wangu hupata 1,890 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni 22,680, kwa hivyo tumepungukiwa na 6,320. Ninachopata Gikomba hakihesabiwi kwa sababu ninaomba nikiwa huku, hata nikiwapelekea daftari zangu zote.

Wakala mmoja hapa mjini aliniambia nikope pesa, niziweke benki, nichukue taarifa ya akaunti halafu nizirudishe. Yeye nimlipe shilingi 80,000. Nilitoka nikamwacha akiongea.

Kilichobaki ni ploti yangu ya Joska. Niliilipia polepole kupitia chama tangu 2017, hati ikatoka 2021 kwa jina langu. Kuna mtu yuko tayari kunipa shilingi milioni 1.1. Mama yangu hajui kitu. Niuze?

Nesi wa Machakos

Usiuze, dada. Rudisha hati kabatini kwanza tuhesabu.

Hiyo 1,890 nadhani ndiyo inayoingia benki. Wao hawaangalii hiyo. Wanaangalia mshahara kabla ya makato, kama vile huko Kenya ungetaja mshahara kabla PAYE, NSSF na SHA hazijakatwa. Mwambie akupigie picha hati ya mshahara ya mwezi uliopita, usome ile jumla ya kabla ya kodi.

Mama Mtumba, Umoja

Ametuma sasa hivi. Imeandikwa 2,220. Kumbe! Na miezi iliyotangulia ni hivyo hivyo.

Nesi wa Machakos

Basi mko kwenye 26,640. Pengo lenu ni 2,360, si 6,320.

Sasa sikia habari ya akiba, maana hapo ndipo watu huuza mashamba bure. Akiba inaruhusiwa kuziba pengo, na hata pesa za ploti zingekubalika kwa sababu umeimiliki kwa zaidi ya miezi sita. Lakini pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi kabisa. Juu ya hizo unatakiwa uwe na mara mbili na nusu ya pengo. Kwenu ni 16,000 na 5,900, yaani 21,900. Ukiweka pauni moja kwa shilingi 170 hizo ni zaidi ya milioni 3.7. Ukiwa na ploti tatu kama hiyo ya Joska bado hufiki! Ungebaki bila ploti na bila viza. (Asiye na mshahara kabisa huhitaji akiba ya pauni 88,500.)

Pengo la 2,360 kwa mwaka ni kama pauni 197 kwa mwezi. Kwa mtu wa ghala hizo ni Jumamosi mbili. Saa za ziada zinahesabiwa zikiwa kwenye hati ya mshahara, lakini si za mwezi mmoja tu, kwa sababu wanataka hati za miezi sita kutoka kwa mwajiri huyo huyo na wanachukua wastani wake. Aanze mwezi huu, asiruke mwezi, na ajiachie nafasi kidogo juu ya 29,000.

Mimi nilimleta mume wangu huku Uingereza kutoka South B, Nairobi, mwaka 2025, na kilichotutesa hakikuwa kiasi cha pesa, ni kulinganisha karatasi. Kila hati ya mshahara lazima ikutane na pesa iliyoingia benki. Mwezi mmoja nililipwa mara mbili, nusu tarehe 28 na nusu siku nne baadaye, nikalazimika kuomba barua ya mwajiri kueleza. Barua ya mwajiri mtaihitaji kwa vyovyote, ikitaja cheo, mshahara, aina ya mkataba na tarehe aliyoanza.

Wewe una kazi yako huko. Cheti cha sekondari cha KCSE hakitoshi, itabidi ufanye mtihani wa Kiingereza cha kuongea na kusikiliza kiwango cha A1, yaani cha mwanzo. Kipimo cha kifua kikuu kwa IOM (shirika la uhamiaji) usikikimbilie leo, cheti chake hudumu miezi sita tu. Sisi tulilipa ada ya viza pauni 1,938 na ya huduma ya afya pauni 3,105. Kwa mtoto ulizieni mapema, ana ombi lake na ada zake. Ila kuanzia 11 Aprili 2024 kiwango cha kipato hakiongezwi kwa sababu ya mtoto, kwa hivyo 29,000 inabaki pale pale.

Baba Kayole

Mama, naongezea juu ya huyo wakala. Binamu yangu alichukua mkopo wa sacco, akauweka benki wiki mbili, akaomba. Alikataliwa. Akiba lazima ikae miezi sita na isiwe ya kukopa. Ada haikurudi, na mkopo analipa mpaka leo. Ukishikwa na hati za uongo unaweza kufungiwa viza miaka 10. Huyo mtoto wako atakuwa anamaliza shule ya msingi.

Mama Mtumba, Umoja

Nesi, Mungu akubariki. Jana usiku mume wangu alinipigia akitoka zamu. Ameongea na msimamizi wake na amepewa Jumamosi tatu kwa mwezi. Alikuwa anazikataa miezi yote hii ili aongee na mtoto, Jumamosi ndiyo siku yao. Tumekubaliana itakuwa Jumapili baada ya kanisa.

Mama nimemwambia yote. Na yule wa Joska nimempigia asubuhi, kabla sijafungua robota. Nimemwambia ploti haiuzwi.