Mjadala: Je, mashirika madogo ya Lindi na Mtwara yakodi watu wa kuyatafutia fedha?

Mwanzisha mada, Mtwara Mjini

Tangu Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, na shirika lake la USAID kufunga shughuli rasmi tarehe 1 Julai mwaka huohuo, yapo mashirika madogo ya mikoa yetu miwili yaliyobaki na ofisi, kompyuta na wanufaika lakini hayana mradi. Katika hali hiyo wamejitokeza washauri, wengi wao wakiwa Dar es Salaam, wanaoahidi kusaka wafadhili, kuandika andiko la kuomba fedha na kulituma kwa niaba ya shirika, kwa sharti la kulipwa asilimia ya fedha zitakazopatikana, na asilimia inayotajwa sana ni 10. Bodi nyingi huvutiwa na sharti hilo kwa kuwa mwanzoni halidai kitu mfukoni. Mimi nasema tunakosea, na ningependa wenye uzoefu tofauti wanipinge.

Tuitazame hesabu. Shirika likipata shilingi milioni 60, mshauri anadai milioni 6. Mfadhili ametoa fedha hizo kwa bajeti yenye vifungu vyake, na hakuna kifungu cha kumlipa aliyeandika andiko; kanuni za ruzuku za Serikali ya Marekani, kwa mfano, kwa kawaida haziruhusu gharama za kuchangisha fedha zitolewe kwenye ruzuku yenyewe. Kwa hiyo milioni 6 zitachotwa kwenye posho za mafunzo ambayo hayakufanyika, au kwenye stakabadhi za mafuta ya gari ambalo halikuondoka, na atakayeulizwa na mkaguzi wa hesabu ni mhasibu aliyetia saini, wala si mshauri, ambaye wakati huo ameshahamia kwa mteja mwingine. AFP, chama cha wataalamu wa uchangishaji chenye makao yake Marekani, kinawakataza wanachama wake kupokea malipo ya asilimia. Hao ni watu wanaokula kwa kazi hiyohiyo, na bado wameona haifai.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Nimewahi kusoma andiko la shirika moja la Tandahimba, lililoandikwa na mtu ambaye, kwa kadiri nilivyoweza kubaini, hakuwahi kufika huko. Mafunzo ya wanawake wakulima yalipangwa mwezi Oktoba na Novemba, kuanzia asubuhi hadi alasiri, wiki sita mfululizo. Mtu yeyote wa huku anajua kwamba miezi hiyo kina mama wako chini ya mikorosho wakiokota, au wako kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika wakisubiri mzigo wao upimwe. Lugha ilikuwa safi, mfadhili akakubali, na mratibu akajikuta anaomba kubadilisha ratiba kabla hajatumia hata senti moja, huku akishindwa kueleza kwa nini shirika lake mwenyewe liliandika hivyo.

Mchangiaji, Nachingwea

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito, lakini unazungumza kana kwamba sisi tuna mtu wa kukaa mezani na kuandika. Shirika letu lina waajiriwa wawili. Mratibu ndiye anayekwenda vijijini, ndiye anayeandaa taarifa ya mwaka ya Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali, na ndiye anayekwenda halmashauri anapoitwa. Wito wa maombi unatoka kwa Kiingereza, unataka mantiki ya mradi, viashiria (vipimo vya mafanikio), bajeti ya miaka mitatu na sera ya ulinzi wa mtoto, na muda unaotolewa ni wiki tatu. Mama aliyeanzisha shirika hili anajua shida za wasichana wa kata yake kuliko mshauri yeyote, lakini ujuzi wake huo haumfikii mfadhili kwa sababu hakuna anayeuweka katika lugha inayotakiwa. Ukituambia tusikodi mtu, unatuambia tuwaachie mashirika makubwa ya mjini fedha zote. Na huo upande wa asilimia tunaupenda kwa sababu moja tu: akikosa, hatudaiwi.

Mchangiaji, Kilwa Masoko

Niongeze jambo moja. Kwetu mshauri alilisajili shirika kwenye mfumo wa maombi wa mfadhili kwa barua pepe yake binafsi. Mfadhili aliuliza swali kuhusu bajeti, jibu likatakiwa ndani ya siku tano, na sisi tukapata habari baada ya muda kupita.

Mwanzisha mada

Ndugu wa Nachingwea, nakubali kwamba mzigo wa lugha na muda ni wa kweli, na sitaki mtu anisome kama ninayewalaumu waratibu wanaofanya kazi ya watu wanne. Ninachokataa ni kukabidhi kazi nzima. Mtu wa nje anaweza kukodiwa kwa siku chache za kazi inayojulikana: kutafsiri, kupanga viashiria, kuhakiki bajeti. Alipwe kiasi kilichokubaliwa, apate au akose, kutoka kwenye michango ya wanachama au mapato mengine ya shirika, kwa mkataba na kwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Najua kiasi hicho kitauma. Lakini shirika lililotoa laki tano yake lenyewe litasoma andiko mstari kwa mstari kabla halijatumwa, na mama huyo wa kata atakaa pembeni ya mwandishi akisimulia, huku mratibu akijifunza namna maelezo yake yanavyogeuka kuwa lengo na kiashiria. Wito unaofuata atahitaji siku nyingi za msaada kama huu? Sidhani.

Suala la Kilwa linanihakikishia kwamba barua pepe, nywila na jina la mtu wa kuwasiliana naye vibaki vya shirika bila mjadala. Kuna sababu ya kisheria pia. Chini ya kanuni za mwaka 2018 za mashirika yasiyo ya kiserikali, anayepokea zaidi ya shilingi milioni 20 anatakiwa kutangaza fedha hizo hadharani, na mkataba wake na mfadhili kuwasilishwa Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Siku 10 kutoka Liwale wakati wa masika si nyingi, na zinaisha haraka zaidi iwapo nakala ya mkataba imelala kwenye kompyuta ya mtu mwingine Dar es Salaam.

Ninaomba bodi ambazo tayari zimesaini mikataba ya asilimia zituandikie hapa kifungu kinachoeleza fedha hizo zitalipwa kutoka wapi, kwa maneno yake kama yalivyo, ili tukijadili.