Naombeni ushauri: muuguzi anayetaka uongozi wa afya aanzie wapi?

Sista wa Zamu: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni afisa muuguzi, hospitali ya wilaya, mwaka wa 9 kazini. Nataka siku moja nikae kwenye timu ya uendeshaji wa afya ya halmashauri, pale bajeti inapopangwa. Nimechoka kumwambia mzazi dawa hakuna, akanunue nje. Nisome uzamili wa usimamizi wa mifumo ya afya Mzumbe, au afya ya jamii Muhimbili? Usingizi sipati.

Babu Karafuu: Binti yangu, fungua duka la dawa muhimu. Uongozi ni presha tu.

Mlinzi wa Faili: Uganga Mkuu wa Halmashauri ni wa daktari, huo usahau. Milango yako ni miwili: Muuguzi Mkuu wa Halmashauri, au ubadilishiwe kada uwe Katibu wa Afya, mtu wa utawala. Wote wanaingia kwenye timu. Kwa ukatibu, Mzumbe. Kibali cha mwajiri cha kwenda masomoni unacho?

Sista wa Zamu: Mchakato unaendelea, mkuu.

Mlinzi wa Faili: Barua unayo mkononi?

Tabibu Mstaafu: Mimi nilipewa uganga mfawidhi wa kituo cha afya nikiwa tabibu. Fedha zilipoanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, nilikuwa nalala na risiti chini ya mto. Hati za malipo zilinitoa jasho kuliko malaria.

Sista wa Zamu: Barua sina. Niko Morogoro tayari, hosteli ya Mzumbe. Nilichukua likizo ya siku 28, imeisha Ijumaa. Karo nimelipa kwa mkopo wa SACCOS. Jina langu limerukwa kwenye mpango wa mafunzo miaka 3. Mngekuwa mimi mngeendelea kusubiri?

Mama Wodi: Na zamu yako ya usiku nani anaishika, mwanangu? Wenzako wanabeba mara mbili.

Kijiko: Hii chai. Mara hospitali, mara hosteli. Weka risiti ya karo, jina ulifiche.

Babu Karafuu: Naongeza sukari.

Sista wa Zamu: Ningetunga ili nipate nini? Begi sijalifungua tangu nifike. Viatu vyeupe vya wodini viko juu kabisa, nikifungua zipu ndivyo ninavyoviona.

Mlinzi wa Faili: Iwe chai au uji, yuko mwingine anasoma hapa na jambo hili linamhusu. Kukosa kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa ni utoro ambao mtu anaweza kufukuzwa kwa huo. Leo Jumatano, umeshakula 3. Tena ukimaliza bila kibali, mwajiri anaweza kukataa kukubadilishia kada, na mkopo unaendelea kukatwa. Kesho mapema andika barua chuoni ya kuahirisha masomo, ubaki na nakala yenye muhuri. Kisha rudi, ukaripoti kwa Muuguzi Mfawidhi.

Sista wa Zamu: Na karo?

Mlinzi wa Faili: Ipiganie kwenye barua hiyohiyo.

Mama Wodi: Niko Morogoro mjini. Ukimaliza chuoni nikukute Msamvu, nikubebee begi.

Sista wa Zamu: Saa 5 nitakuwa stendi, mama.