Cody Rhodes: mkanda wa 2024 ni jasho lake au ni jina la baba?

Mvuka_Mpaka (Busia)

Wakubwa, salaam. Kwenye kibanda cha video hapa Busia, upande huu wa Uganda, kuna ubishi umetushinda. Wameonyesha tena pambano la Cody Rhodes na Roman Reigns, na VJ, yule anayetafsiri video kwa sauti, akasema kwamba Dusty Rhodes, babake Cody, aliwahi kutwaa mkanda wa WWE pale Madison Square Garden, akapokonywa, na mwana ndiye kaurudisha. Nusu ya kibanda ikaruka: basi kabebwa na jina!

Nauliza. Dusty aliutwaa mkanda huo au hakuutwaa? Jina la baba lilimsaidia Cody kiasi gani? Na vijana wanaojifunza mieleka kwenye matope, kama wale wa Soft Ground Wrestling kule Mukono, waige nini kwake? Lile pigo la Cross Rhodes wanalijaribu kila jioni na tayari mmoja shingo imekaza. Nataka tarehe na namna, ushabiki tunao wa kutosha hapa.

---

Kiwiko_cha_Dusty

VJ kakosea, ila kosa lake lina asili. Tarehe 26 Septemba 1977, Madison Square Garden, Dusty alipambana na Superstar Billy Graham, bingwa wa WWWF, ambayo ndiyo WWE ya leo. Dusty alishinda. Lakini alishinda kwa hesabu: Graham alikuwa nje ya ulingo, refa akahesabu hadi mwisho, jamaa hajarudi ndani. Ushindi kwa namna hiyo hauhamishi mkanda. Mkanda huhama mabega yakibanwa chini hadi tatu, au mtu akisalimu amri. Ndiyo maana bingwa mwoga akiona mambo magumu hujitokea nje akala hesabu, akarudi kwake na mkanda kiunoni.

Kwa hiyo Dusty aliondoka na ushindi, Graham akabaki bingwa. Cody alikisimulia kisa hicho aliporudi WWE Aprili 2022, na toka hapo kimekuwa kikitiwa chumvi kila kinapotafsiriwa.

Dusty hakuwa mtu wa kuhurumiwa, lakini. Alitwaa ubingwa wa dunia wa NWA, shirika jingine la mieleka la Marekani, mara tatu: Agosti 1979 alipompiga Harley Race mjini Tampa (alikaa nao siku tano tu), 1981 kwa Race huyohuyo, na 1986 kwa Ric Flair. Na alipokuwa mpangaji wa mapambano, yule anayeamua nani ashinde na kwa namna gani, alipenda sana mwisho wa aina moja: stelingi anashinda, watu wanashangilia, kisha refa anatengua. Wanamieleka wa Marekani mpaka leo mwisho huo wanauita kwa jina la Dusty.

---

Refa_wa_Pili

Swali la jina lina jibu ambalo watu wengi hawalitazami vizuri. Kwanza, Rhodes si jina la ukoo. Dusty alizaliwa Virgil Runnels, na Cody, aliyezaliwa 30 Juni 1985 huko Georgia, kwenye karatasi za kuzaliwa ni Cody Runnels. Rhodes ni jina la jukwaani. Shikeni hapo, litarudi.

Mlango, ndiyo, ulifunguliwa na baba. Lakini hakuingia mtupu: alikuwa bingwa wa jimbo la Georgia katika mieleka ya shule za sekondari, uzani wa ratili 189, miaka miwili mfululizo, 2003 na 2004. Hiyo ni mieleka ya kweli, ya kuangushana, jirani na ekigwo, mieleka ya jadi ya Waganda, kuliko WWE. Mwaka 2006 akapelekwa OVW, shule ya WWE wakati huo, na Julai 2007 akatokea kwenye Raw, kipindi cha WWE cha kila wiki. Tangu siku ya kwanza alitambulishwa kama mtoto wa Dusty, na karibu kila alichopewa baadaye kilihusu ukoo. Mwaka 2008 aliwekwa kundi la Legacy pamoja na Ted DiBiase mdogo chini ya Randy Orton: watatu wote ni watoto wa wanamieleka. Oktoba 2013 yeye na kaka yake Dustin, yaani Goldust, waliwapiga The Shield, kundi la Roman Reigns wakati huo, huku Dusty akiwa pembeni ya ulingo, na wiki iliyofuata wakachukua mikanda ya timu.

Utamu huo wa familia ndio uliomziba. Ubingwa wa Intercontinental, ulio chini ya ule mkuu, alioushika kuanzia Agosti 2011 hadi WrestleMania (onyesho kubwa la mwaka la WWE) ya Aprili 2012 aliufanyia kazi nzuri, hata akarudisha ule mkanda wa zamani wenye ngozi nyeupe, lakini ngazi ya juu yake hakupewa. Mwaka 2014 akapakwa rangi usoni akaitwa Stardust, kivuli cha kaka yake. Dusty akafariki 11 Juni 2015. Mei 2016 Cody akaomba kuondoka.

Sasa lirudisheni lile jina. Jina Cody Rhodes lilikuwa mali ya WWE. Alipotoka, kwenye matangazo makubwa aliitwa Cody tu, jina moja. Akiwa Cody tu alitwaa ubingwa wa dunia wa ROH, shirika dogo kuliko WWE, Juni 2017. Akiwa Cody tu, baada ya mwandishi mmoja wa habari za mieleka kusema ROH haiwezi kujaza ukumbi wa watu 10,000, alijibu kwamba anaikubali dau hiyo, akaingiza pesa zake pamoja na Young Bucks, ndugu wawili wanamieleka, wakafanya onyesho lao la All In tarehe 1 Septemba 2018 karibu na Chicago. Tiketi ziliisha chini ya nusu saa, wakaingia watu zaidi ya 11,000. Usiku huo alimpiga Nick Aldis akatwaa mkanda wa NWA, na Dusty na Cody wakawa baba na mwana wa kwanza kuushika wote wawili. Januari 2019 AEW, shirika jipya la mieleka, ikatangazwa, naye akiwa miongoni mwa wakuu wake. Haki ya kutumia Rhodes aliipata mwishoni mwa 2020, kwa makubaliano na WWE ambapo yeye naye aliachia majina ya maonyesho ya zamani aliyokuwa ameomba kuyasajili.

Kwa hiyo anayesema "kabebwa na jina" ajue kwamba miaka iliyomfanya kuwa Cody mnayemwona leo ni miaka ambayo jina hilo alizuiwa kulitumia.

Na nyongeza kwa wabishi wa Busia: Roman Reigns ni mtoto wa nani? Wa Sika, mmoja wa Wild Samoans, timu ya wanamieleka wawili wa zamani. Pambano la 2024 lilikuwa la watoto wa wanamieleka kwa pande zote mbili. Kama jina ndilo linalotoa mikanda, refa angerusha shilingi tu.

---

Mvuka_Mpaka (Busia)

Hiyo ya Sika nitaipeleka kibandani leo leo. Na ule mkanda wenyewe, aliupataje?

---

Refa_wa_Pili

Kwa mkato. Alirudi WrestleMania 38, Aprili 2022, akampiga Seth Rollins. Juni akaumia kifua, hilo fundi atalieleza. Januari 2023 akashinda Royal Rumble, pambano la watu 30 ambalo mshindi hupata nafasi ya kugombea ubingwa WrestleMania, akiingia wa 30, akapoteza kwa Reigns WrestleMania 39. Januari 2024 akashinda Rumble tena, na hakuna aliyeshinda miwili mfululizo tangu Steve Austin 1997 na 1998. Kisha 7 Aprili 2024, Philadelphia, Cross Rhodes tatu mfululizo, moja, mbili, tatu. Ubingwa wa Reigns uliishia siku 1,316. Huku kwetu ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatatu, ndiyo maana wengi mliiona kwa VJ.

---

Fundi_Ulingo

Nije kwenye shingo ya huyo kijana, maana hapo pana hatari.

Cross Rhodes inaanza mpokeaji akiwa ameinamishwa kinyumenyume, uso juu, kichwa kimeshikwa chini ya mkono wa mpigaji. Mpigaji anajizungusha na kwenda chini, mpokeaji anageuka naye hewani, anatua kifudifudi. Macho yanaona Cody anamgeuza mtu. Sivyo. Mpokeaji anajigeuza mwenyewe: anasukuma kwa miguu, nyonga inazunguka kwanza, kichwa kinafuata mwili. Mpigaji anaongoza tu.

Kwenye matope miguu inanasa. Mpigaji anazunguka, kichwa cha mwenzake kinakwenda, lakini kiwiliwili kimebaki kwa sababu nyayo hazikutoka. Shingo ndiyo inayobeba tofauti hiyo. Huyo wa kwenu nadhani ndivyo ilivyomkuta. Basi pigo hilo lisifanywe kwenye matope mazito kabisa. Lianze kwenye nyasi kavu au magodoro mawili, wote wakiwa wamepiga magoti, kuzunguka bila kuanguka, mara kumi kumi kila upande. Mpigaji asishike kidevu wala koo; mkono upite juu ya kifua na bega. Ishara iwe kuminya mkono mara moja: mpokeaji akihisi, ndipo wote wanaondoka. Kutua ni kwa viganja na mikono ya mbele kwa pamoja, kisha kifua, uso umegeuziwa upande. Akitanguliza kiganja kimoja, kifundo kimekwenda.

Huyo aliyekaza shingo apumzike hadi aweze kutazama mabega yote mawili bila maumivu. Akisikia ganzi au sindano kwenye mikono au vidole, asinyooshwe shingo na mtu yeyote wa mtaani, apelekwe hospitali akiwa ametulizwa kichwa.

Lakini kabla ya Cross Rhodes kuna jambo dogo wanalolipita wote: kuanguka chali. Chuchumaa, kidevu kwenye kifua kama umebana chungwa, jirushe nyuma, mgongo wa juu utue bapa, na viganja vyote viwili vipige chini wakati huohuo, mikono ikiwa imefunguliwa nusu pembeni mwa mwili, pumzi ikitoka. Anayetanguliza kiwiko au kuweka mkono nyuma kujikinga huvunjika. Anayesahau kidevu hupigiza kisogo. Hii ifanywe mara ishirini kila siku ya mazoezi kabla ya pigo lolote lenye jina.

Pia msifananishe ulingo. Ule wa WWE ni futi 20 kwa 20: fremu ya chuma, mbao juu yake, sponji nyembamba, turubai. Mbao zinanesa, zinagawa nguvu na kutoa ule mshindo mnaousikia. Matope hayanesi, yanameza. Yanasamehe mgongo, hayasamehi goti, maana mguu ukizama na mwili ukageuka, goti ndilo linalopinda. Nguzo za mianzi nazo hazirudishi mtu kama kamba za WWE, kwa hiyo ule mruko wa Cody wa kukanyaga kamba na kugeuka hewani usiigwe. Kabla ya kila zoezi pitieni matope kwa mikono, si kwa jembe tu, mtoe mawe na vipande vya chupa, hadi kina cha kiganja na mkono. Anayechubuka aoshwe kwa maji safi na sabuni papo hapo, na wote wawe wamechanjwa pepopunda.

Kifua cha Cody: kano inayofunga msuli wa kifua kwenye mfupa wa mkono ilichanika kidogo kwenye purukushani, kisha ikakatika kabisa akinyanyua vyuma siku chache kabla ya pambano la 5 Juni 2022. Alipovua koti, kifua cha kulia kilikuwa zambarau hadi mkononi. Alipigana, akashinda, akafanyiwa upasuaji, akakaa nje zaidi ya miezi saba. Vijana wanauona ule usiku kama ushujaa. Tazameni upande wa pili: kano iliyochanika kidogo ilipewa mzigo, ikakatika yote. Kifua kikiuma ghafla ukisukuma vyuma, na ukaona weusi kwapani, siku hiyo hakuna kunyanyua tena.

---

Msajili_wa_Majina

Nachomekea moja kuhusu jina, kwa kuwa vijana wa Mukono na kwingine wameanza kuwa na majina ya ulingoni na fulana. Yaliyompata Cody yanaweza kumpata yeyote anayesaini bila kusoma. Alama ya biashara hapa Uganda husajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Maombi hutangazwa kwenye gazeti la serikali, na watu wana siku 60 za kupinga. Usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Daraja la 41 ni la burudani na michezo, la 25 ni la nguo. Ukisajili moja, fulana zinaweza kubaki wazi. La muhimu ni jina la nani limeandikwa kama mmiliki: mwanamieleka au promota.

---

Mvuka_Mpaka (Busia)

Nashukuru ssebo, na wote. Huyo kijana anageuza shingo kushoto bila shida, kulia bado inagoma. Ganzi hana. Magodoro tunayo mawili.

---

Fundi_Ulingo

Basi apumzike, asibaki nyumbani tu: awe refa. Ahesabu kwa wenzake, aangalie nyayo za mpokeaji kila zinapoondoka chini, na akiona zimebaki apige kelele kabla ya mzunguko.