Uskoti ikijitenga, pango lililosainiwa kwa pauni litalipwa kwa sarafu gani?

MamaDuka_Glasgow

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu. Nina duka dogo la vyakula vya nyumbani hapa Glasgow: sembe, maharage, mawese, dagaa wakavu, na mihogo inapopatikana. Mwenye jengo anataka nisaini mkataba mpya wa pango wa miaka 10, na benki imekubali kunikopesha fedha za kununua majokofu, marejesho miaka 7. Kila kitu kimeandikwa kwa pauni. Juzi mteja wangu mmoja, mzee wa Kiskoti ambaye hununua maharage kwangu kila Ijumaa, aliniuliza jambo lililoninyima usingizi: nchi hii ikijitenga kabla ya miaka hiyo kwisha, hiyo pauni iliyomo kwenye karatasi zako itakuwa pauni ya nani?

Siombi tujadili kama Waskoti wanastahili dola lao. Mwaka 2014 sisi wakaazi kutoka nchi za Jumuiya ya Madola tuliruhusiwa kupiga kura ya maoni kuhusu uhuru wa Uskoti, nami nilipiga, na kura yangu ni siri yangu. Ninachokumbuka ni wiki ya pili ya Septemba mwaka ule, baada ya utafiti mmoja wa maoni kuonyesha upande wa uhuru ukiongoza kwa asilimia 51. Muuzaji wa jumla aliyekuwa akinikopesha mzigo kwa siku 30 alinipigia simu akataka nilipe fedha yote kabla lori halijaondoka Birmingham. Hakuna sheria iliyokuwa imebadilika, wala kura haikuwa imepigwa. Najua mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua Novemba 2022 kwamba Bunge la Uskoti haliwezi kuitisha kura nyingine bila ridhaa ya London, lakini mjadala haujafa, na miaka 10 ni mingi. Naomba anayejua anieleze mkataba wangu ungesomwaje, na kwa nini swali hili halikupata jibu wakati ule.

Mhasibu wa Leith

Dada, pole. Swali la kwanza lina jibu la kisheria, ingawa halimalizi hofu. Kanuni inayokubalika kati ya mataifa ni kwamba kila dola hutunga sheria ya sarafu yake, kwa hiyo Uskoti huru ingeweza kuamua kwamba madeni yote yaliyo chini ya sheria zake yatahesabiwa kwa sarafu mpya kwa kiwango itakachotangaza. Pango la jengo la Glasgow kwa kawaida liko chini ya sheria ya Uskoti, ambayo hata leo ni tofauti na ya England. Mkopo wa majokofu ni jambo jingine: ikiwa karatasi za benki zinataja sheria ya England na mahakama za London, kuna uwezekano mkubwa ukaendelea kudaiwa pauni ileile ya London. Hapo mauzo yako yangeingia kwa sarafu moja na deni lingetoka kwa nyingine, na sarafu mpya ikishuka kwa asilimia 20, deni lako limepanda kwa robo nzima bila wewe kukopa hata senti.

Sasa kuhusu 2014. Serikali ya Uskoti ilisema katika waraka wake wa Novemba 2013 kwamba nchi huru ingebaki na pauni katika umoja rasmi wa sarafu, huku Bank of England ikiwa benki kuu ya pande zote mbili. Tarehe 13 Februari 2014 waziri wa fedha wa Uingereza, George Osborne, alikuja hapa Edinburgh akatangaza kwamba Uskoti ikiiacha Uingereza itakuwa imeiacha na pauni. Ed Balls wa chama cha Labour na Danny Alexander wa Liberal Democrats walisimama naye, ikawa vigumu kudai kwamba hayo ni maneno ya chama kimoja. Alex Salmond, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Uskoti, alijibu kwamba ni vitisho vya kampeni, kwamba London ingelegeza baada ya kura kwa sababu wafanyabiashara wa pande zote wangeumia, na kwamba Uskoti ikinyimwa pauni haitabeba sehemu yake ya deni la taifa. Katika mdahalo wa televisheni wa tarehe 5 Agosti, Alistair Darling, aliyeongoza kampeni ya kupinga uhuru, alimbana Salmond muda mrefu ataje mpango wake wa pili, naye hakuutaja.

Kwa maoni yangu, jibu lilikosekana kwa sababu hakuna aliyekuwa na faida ya kulitoa. Salmond angetaja mpango wa pili, angekuwa amekiri kwamba wa kwanza umekufa. London nayo ingekubali hata kujadiliana, ingekuwa imewaondolea wapiga kura hofu iliyokuwa ikiisaidia. Waliolipa gharama ya kimya hicho ni watu kama wewe na yule muuzaji wako wa Birmingham. Mimi nilikuwa nikifunga hesabu za biashara ndogo, na katika wiki hiyo unayoitaja wateja wangu watatu waliniuliza jinsi ya kufungua akaunti Carlisle, ng'ambo ya mpaka.

Tena wasiwasi huo haukuwa ujinga. Kwa hesabu ya Wizara ya Fedha ya Uingereza, mali za mabenki yaliyokuwa na makao hapa zilizidi mara 12 ya pato la Uskoti kwa mwaka. Royal Bank of Scotland, iliyoanzishwa 1727, iliokolewa katika msukosuko wa 2008 na 2009 kwa pauni bilioni 45 za walipakodi wa Uingereza nzima. Nchi ya watu milioni tano na kitu, isiyo na benki kuu yenye uwezo wa kutoa pauni, ingeiokoa kwa fedha gani? Ndiyo maana wiki moja kabla ya kura RBS na Lloyds zilitangaza kwamba uhuru ukipita zitahamishia makao yao ya kisheria England, na kampuni ya bima na pensheni ya Standard Life, ambayo ilikuwa Edinburgh tangu 1825, ilikuwa imeanza maandalizi kama hayo tangu Februari.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa unashika noti kila siku. Noti za mabenki matatu ya hapa, zile ambazo maduka mengine ya London huzikataa, hutolewa na mabenki yenyewe kwa sharti kwamba kila pauni iwe na dhamana. Sehemu kubwa ya dhamana hiyo ni noti maalumu zisizotoka nje ya Bank of England, nyingine za pauni milioni 1 na nyingine za pauni milioni 100 kila moja. Picha iliyo juu ya noti ni ya Kiskoti, ila kinachoipa thamani kimefungiwa London.

Mzee wa Kiborloni

Mwanangu, salaam kutoka Moshi. Habari hiyo ya dhamana iliyofungiwa London imenirudisha mbali, kwa sababu sisi tuliishi hivyo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, 20 kwa pauni moja, na bodi iliyoitoa ilikaa London hadi ilipohamia Nairobi mwaka 1960. Haikuwa benki kuu. Kahawa na pamba zilipouzwa na pauni zikaingia, ndipo shilingi zilipotolewa. Nikiwa mtoto nilitumwa dukani na senti kumi zenye tundu katikati, zimetungwa kwenye uzi kama shanga ili nisizipoteze njiani.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963, na fedha ikabaki ileile. Mwaka 1964 zilitoka noti zenye jahazi katika Ziwa Victoria, sura ya malkia ikawa imeondoka, lakini ilikuwa bado shilingi ya bodi. Nchi huru zilitumia sarafu moja iliyofungwa kwenye pauni, na maduka hayakufungwa. Kwa hiyo anayesema haiwezekani hasemi kweli. Ila tazameni sababu. London haikupinga, na mabenki makubwa tuliyokuwa nayo yalikuwa matawi ya mabenki ya Uingereza, hivyo tawi likiyumba wa kulishika alikuwa makao yake makuu, si serikali changa ya Dar es Salaam. Uskoti mambo ni kinyume: mabenki makubwa ni yake mwenyewe.

Hata hivyo hatukudumu. Kila serikali ilitaka kuamua yenyewe nani akopeshwe na kwa riba gani, na mwaka 1966 benki kuu tatu zikafunguliwa. Shilingi mpya za nchi hizo zilibadilishana mwanzoni shilingi moja kwa shilingi moja, na watu walikuwa wamearifiwa mapema kinachokuja. Kwa mfanyabiashara, huko kuarifiwa mapema kulikuwa na thamani kuliko sarafu yenyewe.

Mchuuzi wa Konyo Konyo

Shikamoo mzee. Huku Juba hatukuarifiwa hivyo. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, pauni mpya ikaanza kutumika tarehe 18, na siku chache baadaye Khartoum nayo ikabadilisha noti zake. Nilikuwa nimepakia vitunguu na unga kutoka Kampala kupitia Nimule, na wateja wa vijijini walinilipa mabunda ya noti za zamani kwa sababu ndizo walizokuwa nazo. Nilipanga foleni benki siku nne kuzibadilisha. Kilichotuumiza zaidi kilikuja polepole: mwanzoni mwa 2012 uchimbaji wa mafuta ulisimamishwa kwa ugomvi na Khartoum, dola za Marekani zikaadimika, na serikali ikaendelea kushikilia kiwango rasmi cha pauni 2.95 kwa dola huku mtaani bei ikipanda. Desemba 2015 serikali ilipoacha kukishikilia kiwango hicho, siku ileile dola moja ilifika pauni 18.5. Dada, aliyekuwa anadaiwa dola siku hiyo alifilisika akiwa na duka limejaa.

MamaDuka_Glasgow

Nawashukuru wote, na mzee shikamoo. Nimekwenda kusoma karatasi. Pango liko chini ya sheria ya Uskoti, na mkopo, kama Kaka Mhasibu alivyohisi, unataja England. Nimemwomba mwenye jengo miaka 5 yenye haki ya kuongeza mingine 5, na hakukataa. Je, kuhusu mkopo nifanye nini?

Mhasibu wa Leith

Dada, usihangaike kubadilisha sheria ya mkopo, benki haitakubali. Omba mambo mawili: haki ya kulipa deni lote mapema bila faini, na marejesho ya miaka 4 badala ya 7 kama mauzo yanaruhusu. Hata 2014, kura ingepita, serikali ya Uskoti ilikuwa imepanga uhuru uanze Machi 2016, miezi 18 baadaye. Muda wa namna hiyo unatosha kumaliza deni lililobaki dogo. Nitumie hesabu za miezi 12 iliyopita nione kama miaka 4 inawezekana.