Mchapishaji anataka haki zote za michoro kwa malipo ya mara moja. Nisaini?

PenseliButu
Wakuu, habari zenu. Nimepata kazi ya kuchora kitabu cha watoto, kurasa 32, rangi mwanzo mwisho. Mwandishi simfahamu, kila kitu kinapitia kwa mhariri. Sasa mkataba umefika, una kifungu kinachosema nalipwa mara moja na haki zote zinahamia kwao, "kwa matumizi yoyote, milele". Hela si haba na ninaihitaji. Ila mhusika mkuu hadithi inamwita tu "kenge". Mabuti mekundu, miwani iliyopinda, ule mkia anaoukanyaga mwenyewe, vyote nimevitoa kichwani mwangu. Hivi ndivyo fani ilivyo? Nikibisha hawatatafuta mwingine?

Kifutio
Usisaini hivyo ulivyo. Kwa kawaida hakimiliki ya mchoro ni yako tangu unapouchora, ingawa kwa kazi ya kuagizwa sheria za baadhi ya nchi hutofautiana. Chini ya Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki, huhitaji kuusajili popote ili ulindwe. Anayeutaka unampa leseni: kitabu hiki, lugha hizi, muda huu. Basi.
Kwenye vitabu vya picha kawaida ni malipo ya awali, halafu mrabaha, yaani sehemu ya mauzo ya kila nakala, na mara nyingi mchoraji na mwandishi hugawana nusu kwa nusu. Elewa tu kwamba malipo ya awali ni mrabaha uliotangulizwa. Mpaka mauzo yafidie kiasi hicho, huoni kitu kingine. Wengine hawaoni kabisa.

MamaRangi
Kifutio yuko sahihi, lakini asimtishe mwenzetu. Malipo ya mara moja si wizi. Vitabu vya kiada vingi hulipwa hivyo na mimi nimelea watoto kwa kazi hizo. Tatizo hapa ni kwamba wameunganisha mambo mawili. Unaweza kulipwa mara moja na hakimiliki ikabaki kwako. Mwandikie mhariri kwa upole, kifungu kwa kifungu. Yeye kazi yake ni hiyo, hatashangaa. Anayekimbia kwa sababu umeuliza swali angekusumbua hata kwenye marekebisho.

Na hayo marekebisho yaandikwe: awamu ngapi zimo kwenye bei, ya ziada inalipwaje. Malipo yagawanywe, sehemu ukisaini, sehemu rasimu zikikubaliwa, iliyobaki ukikabidhi. Na kitabu kikifutwa njiani, wanalipa kiasi gani?

Sungura_wa_Wino
Huyo kenge mlinde. Beatrix Potter wa Uingereza, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto, alisajili mwanasesere wa sungura wake mwaka 1903, mwaka mmoja tu baada ya kampuni kumchapishia kitabu. Haki za wanasesere, katuni na nguo ziwe kifungu cha peke yake.

MezaYaTaa
Sheria wameshamaliza, mimi naongelea kazi. Kurasa 32 zinatokana na jinsi karatasi kubwa inavyokunjwa kiwandani. Ukitoa ukurasa wa jina na wa haki, unabaki na picha 12 hadi 14 za kurasa mbili zinazotazamana. Zichore zote kwanza ndogo ndogo kwenye karatasi moja uone hadithi inavyotembea.
Kenge mchore mbele, ubavuni, nyuma, akicheka, akilia, kabla hujagusa ukurasa wa kwanza. Buti likibadilika rangi ukurasa wa 19, mtoto ataona kabla ya mhariri, na hatakusamehe.
Uso usikae pale kitabu kinapokunjwa, utamezwa. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa. Acha nafasi ya maneno ya kutosha, maana tafsiri ikirefuka maneno yatapanda juu ya miguu ya kenge. Na ile kijani inayong'aa kwenye skrini, mashine ya kuchapa ya rangi nne haiwezi kuitoa. Omba nakala ya majaribio mapema.

PenseliButu
Nimemwandikia mhariri. Amejibu kistaarabu kuliko nilivyotegemea: hakimiliki inabaki kwangu, wao wanachukua leseni ya kitabu, malipo yanabaki ya mara moja. Haki za wanasesere ndizo wanang'ang'ania, wanasema tutajadiliana "ikitokea".

Sungura_wa_Wino
"Ikitokea" isiachwe hewani. Ama kifungu kitoke kabisa, au kiseme hawatengenezi chochote bila idhini yako ya maandishi.

MamaRangi
Na kabla hujasaini, mpe mwanasheria asome. Kusomewa mkataba mmoja hakugharimu kama kesi.